Vumbi la malori na moshi wa majirani: mtaa uanze na lipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Mtwara mjini. Nyumba zetu ziko kando ya barabara ya vumbi, upande wetu wa kusini, na malori siku hizi yanaikatiza kukwepa foleni ya barabara kubwa. Kiangazi hiki vumbi limezidi, nguo nyeupe tunaianua nyekundu. Nyuma yetu kuna kina mama wanaobangua korosho, na jioni kila nyumba inachoma takataka zake, lakini hayo tumeyazoea. Kwenye mkutano wa mtaa wengine walitaka tufunge barabara kwa mawe, wengine tuchange tununue kipimo cha hewa. Mji unakua, kila wiki unaona msingi mpya. Tuanze wapi tusije tukafika walipofika Dar es Salaam? Na mwanangu wa miaka 4 anakohoa usiku, nimfanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na iliyonishika si habari ya malori. Ni pale ulipopita mbio: "lakini hayo tumeyazoea." Nimefanya kazi ya afisa afya wa mazingira miaka mingi huku kusini kabla sijastaafu, na hewa chafu ya miji yetu nimeikuta imejificha humo humo kwenye mazoea. Vumbi la lori linakera kwa sababu limekuja juzi na anayelitimua humjui. Moshi wa jirani una jina, una salamu ya asubuhi, pengine una deni lako la sukari. Basi unaumeza kimya.

Mawe msiweke. Tuanze na hilo liishe. Barabara si mali ya mtaa, mtaishia kituoni kujieleza, na lori halitarudi barabara kubwa, litaingia mtaa wa pili kutimua vumbi kwa watoto wa wenzenu.

Sasa tofautisha vumbi na moshi, maana watu huvichanganya vikawa kitu kimoja. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita 70 hivi. Chembe nyingi za vumbi la barabara ni nene, zaidi ya mikromita 10, nazo hunaswa puani na kooni. Ndiyo yale makamasi mekundu unayompangusa mtoto. Zinakera, zinaamsha pumu, zinaumiza macho, siwezi kusema hazina neno. Lakini mwili una namna ya kuzitema. Moshi ni habari nyingine. Karibu chembe zake zote ziko chini ya mikromita 2.5, zile ambazo wataalamu huziita PM2.5. Hizo zinapita pua, zinapita koo, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na ndogo kabisa huvuka zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara ya moshi hayaishii kifuani: kuna kiharusi humo, kuna moyo, kuna watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo milioni 4.2 mwaka 2019, na moshi wa majumbani milioni 3.2 mwaka 2020. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa mwaka hadi 5, kwa sababu tafiti zilionyesha madhara hata pale ambapo zamani tulidhani pana usalama.

Halafu kuna umbali. Marehemu Kirk Smith, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliyetumia maisha yake kuchunguza majiko ya kuni ya watu maskini, alikuwa na hesabu moja ninayoipenda: moshi unaotoka ndani ya nyumba una nafasi kama mara elfu moja zaidi ya kufika kwenye pafu la mtu kuliko moshi uleule ukitolewa nje. Fikiria bomba refu la kiwanda. Linatoa mengi, lakini juu, na upepo unayatawanya kabla hayajakufikia. Jiko la kuni la mama yako linatoa machache, ila pua iko sentimita 50 kutoka hapo. Takataka zinazochomwa uani ziko katikati ya hao wawili, na ziko karibu zaidi na jiko.

Kwa hiyo ukiniuliza mtaa uanze wapi, nakujibu: uanze na moto wenu wenyewe. Malori tutayafikia, sijayasahau.

Kabla ya lolote, jueni upepo wenu. Mvuvi yeyote wa Shangani anaweza kuwafundisha bure. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi tuna kusi. Novemba hadi Machi tuna kaskazi. Kati yao kuna tanga mbili, upepo haujui uende wapi. Juu ya hiyo kuna mzunguko wa kila siku: mchana upepo wa baharini unaingia na kuupiga mji mswaki, usiku umande unavuma kidogo kutoka bara, na kuna saa ambazo hakuna kinachotikisika. Saa hizo ndizo mbaya. Usiku hewa ya chini inapoa, inalala, na kile mlichochoma saa moja jioni kinalala nayo. Ukiamka alfajiri ukaona ukungu wa buluu umetanda kimo cha mapaa ya nyumba na pua inanusa plastiki, huo si umande wa Mungu. Ni jalala la jana.

Ndipo nashangaa kwamba saa tuliyoichagua sote kuchoma takataka ni hiyo hiyo ya jioni, upepo ukishalala. Tunasema ni saa ya utulivu, moto hauruki. Kweli hauruki, na moshi wake pia hauondoki.

Chukua kijiti kaipekue takataka ya nyumba moja kabla haijachomwa. Mimi nimeifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Utakuta maganda ya mihogo, mabaki ya ugali, majani ya mwembe, magamba ya samaki, makumbi ya nazi. Zaidi ya nusu ya uzito ni vitu vya kuoza, vibichi, vyenye maji. Vitu hivyo haviwaki. Vinafuka. Mtu anaongeza chupa za plastiki na kandambili iliyokatika ili moto ushike, na hapo ndipo sumu inapoingia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado tunavyo tele. Tenganisheni vya kuoza tu, hata kwa shimo la futi tatu nyuma ya choo lenye kufunikwa na udongo kidogo kila siku, na nusu ya moto itakosa sababu. Mbolea yake mtapanda mchicha. Kilichobaki, kikavu, kinakaa gunia zima wiki mbili bila kunuka, kikisubiri gari au mkokoteni.

Hapo kwenye gari ndipo pagumu, najua. Gari la taka haliingii vichochoro vyenu. Nimeona mitaa iliyofaulu, na siri yake haikuwa faini. Walikubaliana na vijana wawili wenye mkokoteni, kila nyumba ikatoa kiasi kidogo kwa wiki, vijana wakawa wanapeleka hadi kizimba ambapo gari la manispaa linafika. Mitaa iliyoanza na faini ilipata kitu kimoja tu: watu walihamishia moto usiku wa manane.

Kuhusu kubangua korosho nitakaa zaidi, kwa sababu hapa mjumbe anaweza kuharibu riziki ya watu kwa nia njema. Umemwona mbanguaji akifanya kazi? Anatoboa toboa karai kuukuu au nusu ya pipa, analiweka juu ya mafiga matatu, anamwaga korosho ghafi, anageuza kwa mti mrefu. Dakika chache maganda yanaanza kutoa jasho. Yale ni mafuta ya ganda, meusi, makali, yanababua ngozi. Ndiyo maana mikono anaipaka majivu kabla ya kupasua. Mafuta yanadondokea motoni, moto unaruka juu, na moshi mweusi mzito unatoka ambao ukikupiga macho unayafumba mwenyewe bila kuambiwa. Anamwagia mchanga au maji kuzima, anamimina chini, anakaa kupasua moja moja kwa kirungu. Mtoto mgongoni muda wote. Yeye na huyo mtoto wanapata kipimo kikubwa kuliko wewe unayelalamika dirishani, na ndio wa mwisho kuulizwa.

Mwaka mmoja nikiwa kazini niliamuru tanuri la chokaa la mzee mmoja kule upande wa Mikindani lizimwe. Watu walikuwa wakichoma matumbawe kwa magogo siku mbili tatu mfululizo, moshi unaingia darasani. Nilijisikia nimefanya kazi. Miezi miwili baadaye tanuri lilikuwa limejengwa upya mbele kidogo, na kwa msimu ule wa kusi moshi wake ulikuwa ukienda moja kwa moja kwenye nyumba nyingi zaidi kuliko zile za mwanzo. Mzee hakuwa mkaidi. Alikuwa na watu wa kulisha, na mimi sikumwachia njia nyingine ila kuhama. Tangu hapo sijafunga moto wa mtu bila kumuuliza kwanza atakula nini.

Kwa wabanguaji wenu, mambo yanayowezekana ni haya. Kuchemsha kwa mvuke badala ya kuchoma: korosho hupikwa kwenye chombo kilichofungwa, ganda linalainika, halafu hukatwa kwa mashine ndogo ya mkono au mguu. Ndivyo vikundi vingi vya ubanguaji na viwanda vinavyofanya, na moshi unapungua sana, na punje inatoka nyeupe yenye bei nzuri zaidi. Wakiwa kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapo hapo jirani kwa ushauri. Kama mvuke bado uko mbali, basi wahamie pamoja sehemu moja ya wazi, upande ambao upepo wa msimu huo unaelekea kusiko na nyumba, na wachome mchana upepo ukiwepo, si alfajiri wala jioni. Na maganda yasigeuzwe kuni za kupikia chakula nyumbani. Yanawaka vizuri mno, ndiyo hatari yake.

Na kwa kuwa tuko kwenye korosho: mifuko mitupu ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, msichome. Salfa ikiungua inatoa gesi inayobana kifua papo hapo, mwenye pumu anaweza kuanguka. Wakati wa kupuliza dawa ya ubwiriunga, yaani ukungu wa mikorosho, mashamba yaliyopakana na nyumba yapulizwe kwa taarifa, watoto wawe ndani. Salfa haikai chumba kimoja na godoro, jambo ambalo nimelikuta si mara moja.

Sasa jikoni. Hapa mtu wa Mtwara ana haki ya kucheka kwa uchungu kidogo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, mwaka 1982, tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam, na huko kuna bajaji zinazotembea kwa gesi. Bibi yangu mdogo aliyeko Msimbati, jirani na visima hivyo vya gesi, anapika kwa makuti. Baadhi ya nyumba za mjini zimeunganishwa na gesi ya bomba, nalo ni jambo jema, lakini mtaa wa pembezoni kama wenu utasubiri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi wa kwanza watu wengi huupata. Unaowashinda ni wa pili. Nimeona mitungi mingi imegeuzwa kigoda. Kama mtaa una kikundi cha kuweka na kukopa, ushauri wangu ni huu: anzisheni mfuko wa kujaza gesi, wanachama wapokezane. Anayebaki na mkaa apikie barazani, si ndani, na asilale na jiko la mkaa chumbani hata siku ya mvua. Mkaa hautoi moshi mwingi, na ndiyo maana watu huuamini, lakini hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Haya, malori.

Mizigo inayoshuka kusini imeongezeka kweli. Kiwanda cha saruji kilifunguliwa 2015, bandari imepata gati jipya, korosho za msimu zinapanga foleni kuanzia Oktoba, na miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanasafirishwa hadi bandarini kwetu. Serikali yenyewe iliona mizigo ya namna hiyo haifai kukaa katikati ya mji, ndipo ikapanga bandari ya Kisiwa Mgao kwa ajili ya makaa, saruji na mizigo mingine michafu. Hilo ni sahihi, ila lisiwafanye mlale, kwa sababu barabara ya kwenda huko nayo ina watu kandokando.

Kwenye barabara yenu kuna mambo matatu yanayofanya kazi, na la bei nafuu kabisa ndilo watu hulidharau: mwendo. Vumbi linaloruka linakwenda na kasi ya gari. Lori likishuka kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 30, vumbi linapungua kwa takriban nusu au zaidi. Matuta mawili yaliyowekwa kwa kibali cha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, yatawasaidia kuliko gari la maji linalopita asubuhi, kwa maana kwa jua la Oktoba maji yamekauka kabla ya chai ya saa nne. Kuna wakandarasi humwaga maji ya bahari, na kweli chumvi hushika unyevu muda mrefu zaidi, lakini angalia mabati na miti yenu baada ya mwaka. Jambo la pili ni turubai: mzigo wa makaa au kokoto usiofunikwa unamwaga njia nzima. La tatu ni kuyarudisha malori barabara kubwa kwa alama ya kuzuia uzito, nayo inaombwa kwa barua, si kwa mawe. Lami ni dawa ya kudumu, iombeni kila mwaka bila kuchoka, lakini msikae mkiisubiri. Na pandeni ua mnene kati ya barabara na nyumba. Mwembe mmoja mrefu wenye shina tupu hauzuii kitu. Michongoma iliyoshonana kimo cha mtu inazuia.

Barua yenu iwe na uzito. Hesabuni malori kwa siku tatu, saa kwa saa, mwandike yaliyofunikwa na yasiyofunikwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hii kwa daftari. Chukueni sahani nyeupe tatu, mzipake mafuta ya mgando, moja iwekeni barazani kando ya barabara, moja nyumba ya tano kutoka barabarani, moja ndani. Siku tatu. Zipigeni picha pamoja. Nilipokuwa ofisini nilipokea malalamiko ya kurasa nne yaliyosema "vumbi limekithiri" nikayaweka pembeni, na nikapokea picha ya sahani tatu nikapanda pikipiki siku ileile. Sahani haipimi PM2.5, tusidanganyane. Ila inaonyesha vumbi linafika umbali gani, na ndicho mnachobishania na mwenye malori.

Sheria mnayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliruhusu halmashauri kuteua maofisa wa mazingira hadi ngazi ya kata na mtaa, na kuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Mradi mkubwa haujengwi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake kuna mpango unaosema mwenye mradi atafanya nini kuhusu vumbi: atafunika nini, atamwagia wapi, ataosha magurudumu saa ngapi. Watu wengi hawaombi kuuona mpango huo. Anzeni na ofisi ya mazingira kwenye manispaa, mkikwama waandikieni NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, nakala kwa diwani. Mkiwa na ukurasa wa mpango huo mkononi, hamlalamiki tena, mnamkumbusha mtu ahadi yake.

Kipimo cha hewa mlichotaka kuchangia, subirini kidogo. Sikikatai. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kupitia mradi wake wa AirQo ulioanza 2015, wametengeneza vipimo vya bei nafuu na vingine wamevifunga kwenye bodaboda, na sasa wanajua mitaa ipi inaumwa na saa ngapi. Lakini wao wanavilinganisha na mashine kubwa mara kwa mara. Kipimo kidogo pekee yake, kwenye unyevu wa pwani kama yetu, huona matone ya unyevu na chumvi ya bahari kama uchafu na kupandisha namba. Mtatangaza hatari asubuhi ambayo ilikuwa ukungu tu, na mkiumbuliwa mara moja hakuna atakayewasikiliza tena. Hiyo fedha nunueni mikokoteni miwili.

Kuhusu kufika walipofika Dar es Salaam. Watu husema hewa chafu ni gharama ya maendeleo, mji ukikua itakuja tu. Sikubali. London iliingia kwenye moshi mzito Desemba 1952, siku tano, wakafa watu kama 4,000 kwa hesabu ya mwanzo, na makadirio ya baadaye yakapanda hadi 12,000. Ukisoma habari zile utatarajia viwanda. Viwanda vilikuwemo, lakini sehemu kubwa ilikuwa majiko ya makaa ya mawe sebuleni mwa watu. Sheria yao ya 1956 haikuishia kukataza. Ilitenga maeneo yasiyo na moshi na kuwasaidia wenye nyumba fedha za kubadili majiko. Mexico City nao mwaka 1989 walikataza kila gari siku moja kwa wiki kwa namba zake. Wenye uwezo wakanunua gari la pili, kuukuu, la namba tofauti, na barabara zikajaa mikweche. Delhi mahakama iliamuru mabasi yahamie gesi, kazi ikakamilika 2002, hewa ikapata nafuu, kisha wingi wa magari mapya na moshi wa mashamba vikaimeza nafuu hiyo.

Mtwara bado iko mahali pazuri pa kuchagua. Mtu anayejenga msingi leo hajui kwamba kiwanja cha jirani kitakuwa gereji, na huko mbele itakuwa kesi. Kazi yenu kwenye vikao vya mipango miji ni ya kuchosha: kuulizia eneo la gereji na mashine za kusaga liko wapi kwa upepo wa kusi na liko wapi kwa upepo wa kaskazi, maana eneo linaloonekana salama Julai linaweza kuwa balaa Januari, kulinda upana wa barabara kabla vibanda havijaingia, kukataa dampo la muda, kwa sababu sijawahi kuona la muda likaondoka. Mambo haya yakifanywa sasa yanagharimu kalamu. Nyumba zikishasimama yanagharimu fidia.

Nibaki na mtoto. Kwanza usiupe ugonjwa jina la vumbi kabla hajaonwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe kifua kikuu, hospitalini Ligula au kituo cha karibu. Akipumua haraka haraka, au mbavu zikivutwa ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, ni siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Moshi wa nyumbani huongeza uwezekano wa nimonia kwa watoto karibu mara mbili, kwa hiyo mwambie daktari unapikia nini na wapi, wengi hawaulizi. Barakoa ya kitambaa itamzuilia vumbi kidogo, moshi haizuii, wala mtoto wa miaka 4 hatakaa nayo.

Chumba anacholala, kama dirisha lake linatazama barabara, ndicho kinachopokea kusi na vumbi lote. Kwa sasa mhamishie chumba cha nyuma, madirisha ya barabarani yafungwe magari yanapopita kwa wingi na yafunguliwe mchana upepo wa baharini ukiingia. Fagia kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio mkavu. Lakini kaskazi ikianza mwezi wa 11, na korosho zimeanza kuchomwa huko nyuma yenu, chumba hicho cha nyuma kitakuwa ndicho kibaya. Mrudishe cha mbele.